Kikohozi cha Heshima

Mkwe ni mkwe, hata mkikaa nyumba moja mpaka kuku waote meno. Hilo Brashi alilijua kabla hajajua kunyoa ndevu. Ndiyo maana mama mkwe wake alipokuja kukaa kwao siku chache, apimwe macho na kuchukua miwani, Brashi alijiandaa kama mtu anayengoja ukaguzi. Aliondoa kaptura zake zote kwenye kamba. Akaacha kuimba bafuni. Siku chache tu, alijiambia, nani amewahi kufa kwa siku chache?

Miwani ikapatikana, na kesho yake amri ikatangazwa: ugonjwa umeingia, kila mtu abaki alipo, magari ya kwenda mbali yamesimamishwa. Mama mkwe alikuwa ameshafunga mkoba wake. Akaufungua taratibu, akatoa nguo moja moja, akasema, "Haya, Mungu mkubwa." Brashi akaitikia "Amina" akiwa amesimama nyuma ya mlango.

Brashi alikuwa fundi rangi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na nywele zake zilisimama wima hata azimwagie ndoo ya maji. Kabla amri haijasimamisha kazi, alikuwa akipanda ngazi na kopo la rangi mkononi huku anapiga mluzi. Mama mkwe naye hakuwa mtu wa kukaa. Kwake aliishi peke yake, katika nyumba yake mwenyewe, na mbele ya mlango alikuwa na bustani ya miche ya kuuza, ya matunda, ya maua, hata ya miti ya kivuli. Kutwa yuko na ndoo, anainama, anainuka, anambishia mteja bei huku anang'oa magugu. Watu wa huko walimwita Mama Miche, na jina lilimkaa.

Mke wa Brashi alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na mashuka ya hospitali hayajui amri ya mtu. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni hoi bin taabani. Basi kutwa nzima wakabaki watu wawili, mkwe na mkwewe, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti. Mtihani!

Maana iangalie hiyo nyumba ilivyojengwa. Chumba cha mama kiko upande huu, choo kiko upande ule, sebule iko katikati, kochi liko sebuleni, na Brashi yuko juu ya kochi. Mama hawezi kwenda haja bila kupita mbele ya mkwewe. Brashi akakuna kichwa, akapata njia aliyoiona ya kiungwana kabisa, nayo ni kikohozi. Yeye akitaka kuingia sebuleni anakohoa kwanza, mama ajue mkwe anapita, ajisitiri. Mama akitaka kwenda chooni anakohoa, Brashi anageuzia uso ukutani mpaka asikie mlango umefungwa. Na hizo ndizo siku ambazo mtu akikohoa dukani, watu wanamkimbia kama mwizi! Jioni ya kwanza mke aliporudi akakuta mume na mama wanakoholeana kila mmoja kutoka chumba chake, nusura aanguke mlangoni.

"Mmeugua?"

"Tumeheshimiana," akajibu Brashi.

Akawa anajisifu kwa simu. "Mimi na mkwe wangu tumefungiwa pamoja, na sijamwona hata kisigino," aliwaambia mafundi wenzake, nao wakamsifu, wakasema kweli umelelewa. Hakuna sifa tamu kama ile ambayo huitolei jasho. Brashi alikaa kwenye kochi lake asubuhi, akala kwenye kochi, akalala mchana chumbani, akarudi kwenye kochi. Mpira wa kweli ulikuwa umesimamishwa dunia nzima, lakini televisheni ilikuwa inarudia mechi za zamani, na Brashi aliziangalia kana kwamba hajui nani atashinda. Suruali ya kwanza ikakataa kufunga kifungo. Ya pili ikafuata. Mkewe akamtazama siku moja, akasema, "Mume wangu, wewe siyo Brashi tena, umeshakuwa rola ya kupakia rangi, mnene pande zote," wakacheka mpaka machozi.

Mama mkwe hakucheka, maana hakuwepo. Alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini. Chakula chake kilipelekwa huko huko. Brashi alikiweka mlangoni, akakohoa, akaondoka. Glasi ya maji ya kunywa ilirudi imejaa nusu, naye hakujiuliza kwa nini. Mwanamke mzima alikuwa anajizuia kunywa maji ili asije akapita sebuleni mara nyingi mbele ya mkwewe. Hilo Brashi alikuja kulijua baadaye.

Lakini liko jambo moja ambalo hakulijua baadaye. Alilijua palepale, na ndilo linalomla mpaka leo.

Mchana mmoja usingizi ulimwishia mapema. Alifungua mlango wa chumba chake kidogo tu, akaona kitu ambacho hakutegemea. Mama mkwe alikuwa sebuleni anatembea. Amejifunga kitambaa kiunoni kama mtu anayekwenda shambani, mkono mmoja unashika migongo ya viti, anaizunguka meza. Anafika kona, anapumzika, anasema peke yake, "Haya mama, twende," anaizunguka tena. Miguu ilikuwa inamtetemeka kidogo. Usoni alikuwa na furaha, furaha ya mtu anayefanya jambo lake bila kuonwa.

Brashi alielewa. Tusimsingizie kwamba hakuelewa. Alijua kabisa kwamba yule mama ananyoosha miguu, kwamba ameuchagua wakati ule kwa kuwa mkwe hulala, na kwamba hana mahali pengine pa kutembea. Ungwana ulikuwa kufunga mlango polepole na kurudi kitandani. Lakini mechi ilikuwa inakaribia kuanza. Fainali ile ya zamani, ile aliyoisubiri wiki nzima. Basi Brashi akasimama nyuma ya mlango, akaweka ngumi mdomoni, akakohoa.

Akasikia nyayo zinakimbilia chumbani, zinaburuta, zinagonga mguu wa kiti. Mlango ukafungwa. Brashi akatoka, akakaa, akawasha televisheni. Moyo ulimchoma kidogo, akauambia: mimi nimekohoa tu, si ndiyo makubaliano?

Kesho yake mama akatoka tena wakati uleule, na Brashi akakohoa tena. Na siku iliyofuata. Mara ya mwisho hakukuwa hata na mechi ya maana. Kochi tu lilikuwa linamwita. Baada ya hapo sebule ilibaki kimya mchana kutwa, mama hakutembea tena, na Brashi akaona nyumba imetulia.

Amri ilipolegezwa, mama alikuwa wa kwanza kufunga mkoba. Asubuhi ya safari teksi ilisimama chini, mke alikuwa amepewa ruhusa kazini, kila kitu tayari. Mama akakohoa, Brashi akageukia ukutani. Mlango haukufunguka. Mke akaingia. Ndipo Brashi akasikia sauti ya mkewe, "Mama, inuka basi," halafu, "Mama, unanitania?" halafu ikawa sauti nyingine.

Miguu ilikuwa imekataa. Kwa kushikwa mikono yote miwili alisimama, akapiga hatua, magoti yakalegea, akarudi kitandani. Chini kulikuwa mbali, na ngazi ni zile zile za kupanda na kushuka kwa mguu.

"Mbebe," mke akamwambia Brashi.

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine humu ndani?"

Mkwe kumbeba mkwewe mgongoni! Mama alijifunika uso wote kwa mtandio, akasema kutoka ndani ya kitambaa, "Nisamehe baba, nimekuwa mzigo." Brashi akachutama, macho sakafuni, akampokea mgongoni, akainuka. Alikuwa mwepesi, maskini, alikuwa amekwisha. Brashi aliyewahi kupandisha madumu ya rangi mpaka paa alisema moyoni, hii si kazi. Ghorofa ya kwanza aliishuka vizuri. Ya pili, moyo ukaanza kupiga ngoma masikioni. Akajikaza kisabuni, jasho likamwingia machoni, mapaja yakatetemeka, na kwenye kona ya ngazi akalazimika kumkalisha mama chini haraka kabla hawajaanguka wote wawili. Akakaa kidato cha chini yake, anahema kwa mdomo wazi.

Mshonaji wa ghorofa ile akafungua mlango na futi shingoni. Akamtazama mama, akamtazama Brashi. "Jamani, nani kati yenu ndiye mgonjwa?" akauliza, na hakuwa anatania. Aliyembeba mama mpaka chini alikuwa dereva wa teksi, mtu mfupi wa makamo. Alipanda, akambeba, akashuka, akarudi kuuchukua na mkoba. Brashi alifuata nyuma ameshika ukuta.

Gari halikwenda safari. Lilikwenda hospitali, kwa daktari wa viungo, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Akampima mama, akamwambia akunje mikono kifuani na ainuke kitini. Mama akaegemea mbele, akajaribu, akarudi kitini. Akajaribu tena. Ilikuwa vigumu kutazama.

"Hakuna kilichovunjika," daktari akasema. "Ni misuli ya mapaja imelegea kwa kukaa. Mtu mzima akikaa muda mrefu hivyo, nguvu inaondoka haraka, na kurudi inarudi kwa kuchelewa. Tunapokea wengi sasa hivi." Halafu akauliza swali ambalo Brashi aliliona linakuja. "Lakini mama, mbona hata ndani ya nyumba hukuwa unatembea?"

Brashi akatazama bango la ukutani la picha ya mifupa.

"Ndani? Na mkwe yumo?" mama akasema. "Daktari, huyu kijana unayemwona ni mtu wa heshima. Siku zote hizo hajapita mbele yangu bila kukohoa kwanza. Wakwe wa siku hizi hawana hiyo. Mimi mwenyewe ndiye mvivu, nilipenda kitanda."

Mke akamshika Brashi bega kwa fahari. Lo! Afadhali angempiga kofi. Masikio yalipata moto, akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa na maneno mdomoni, maneno machache tu, akayameza. Daktari akamtazama anavyohema bado, akamfunga kile kitambaa cha kupima presha, akasoma, akakunja uso. "Na wewe ulikuwa unapenda kitanda?"

"Kochi," Brashi akasema.

Jioni ile kaka mkubwa wa mkewe akapiga simu, na akawekwa kwenye spika ili wote wasikie. Yeye ni mtu wa maamuzi, na maamuzi yake huyafanya akiwa mbali. Alisema mtu asiyeweza kuinuka kitini hawezi kuishi peke yake. Nyumba ya mama ipangishwe, miche agawiwe jirani, mama akae hukohuko kwa mkwe maana wanaelewana. Mpangaji alikuwa ameshampata.

"Nyumba yangu haijafa na mimi sijafa," mama akasema kutoka chumbani. "Ina vidato vichache tu mlangoni."

"Huviwezi, mama."

Mke akadaka, akamwombea mama muda. Kisha kaka akalegeza, akasema sawa, mpangaji asubiri mwisho wa mwezi ujao. Mama akiinuka mwenyewe na kupanda ngazi kwa miguu yake, arudi kwake. Asipoweza, basi. Brashi aliusikia mkoba unafunguliwa tena, nguo zinatolewa moja moja.

Usingizi wa siku ile ulikuwa wa kubahatisha. Brashi aliona wazi kilichopo: yule mama atapoteza nyumba yake, mlango wake na miche yake, na wote watasema ni umri, na mkwe atasifiwa kwa kumpokea. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ni yeye.

Asubuhi mke alipoondoka kwenda kazini, Brashi akalisukuma kochi mpaka kwenye kona, akalisimamisha kwa ubavu lisikalike. Akasogeza viti kuizunguka meza. Halafu akakwama, maana daktari alikuwa ameagiza mama afanye mazoezi ya kutembea, lakini si bila mtu karibu, na mama hawezi kumshika mkono mkwewe, wala mkwe hawezi kusimama anamkodolea macho mkwewe anavyoyumba. Akafikiri. Akachukua mtandio mrefu wa mkewe, akafunga ncha moja kiunoni mwake, akasimama katikati ya mlango wa chumba cha mama akiwa amegeuka, mgongo ndani, uso nje.

"Mama," akasema kuelekea sebuleni. "Shika ncha hiyo. Mimi nitatangulia, sitageuka."

Kitanda kikalia, kikalia tena. Kisha kitambaa kikakaza.

Wakaanza hivyo, kila siku, asubuhi na alasiri. Brashi mbele na kitambi chake, anatazama mbele kama askari wa gwaride, mama nyuma ameshika mtandio mkono mmoja na mgongo wa kiti mkono wa pili. Mwanzoni walifika kona tu. Baadaye wakaizunguka meza. Mama akarudisha ule msemo wake, "Haya mama, twende," kwa sauti ndogo, na Brashi kila alipousikia aliuma meno. Mama alipopumzika, Brashi alishuka ngazi za jengo na kuzipanda tena, maana daktari naye alikuwa amempa agizo lake, na yule mshonaji, aliyekwisha kusikia utani wa mke, akawa anamchungulia na kumwambia, "Rola, bado unapumua?" Akaanza kujibu bila kuhema. Mama akaanza kuinuka kitandani kwa mkono mmoja. Mwezi ulikuwa unayoyoma, lakini ilionekana itawezekana.

Alasiri moja walikuwa mzunguko wa mwisho, na mama alikuwa hajashika kiti hata kimoja. Vumbi la kochi, au mate yaliyopita njia mbaya, ni nani ajuaye? Koo la Brashi likawasha. Akajizuia. Akameza. Likamshinda, akakohoa.

Kitambaa kikalegea hapohapo.

Alisikia nyayo nyuma yake, zinaburuta, zinaharakisha, zinaelekea chumbani. Mguu mmoja ukagonga kiti. Alitaka kugeuka, lakini aliahidi hatageuka. "Mama! Siyo hivyo! Ni koo tu, mama, ni koo!"

Mlango ukafungwa. Ile miguu ambayo ilisumbuka siku zote hizo kuzunguka meza ilikuwa imekimbia kwa kikohozi kimoja. Hivyo ndivyo alivyoifundisha.

Brashi akausogelea mlango. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, naye akachutama pale kizingitini, paji la uso kwenye mbao, akayatapika yale maneno yaliyomkaa kooni tangu kwa daktari.

"Mama, wakati ule ulipokuwa unatembea mchana, nilikuona. Nilikuwa nakohoa makusudi. Haikuwa heshima. Nilitaka kochi langu."

Kisha sauti, karibu sana, kama vile mama naye ameegemea mlango upande wa pili.

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Mimi macho ndiyo yalikuwa mabovu, masikio hayana kasoro. Kila ukikohoa, mara nasikia firimbi na watu wanashangilia goli."

Brashi akakumbuka chumba cha daktari, mkono wa mkewe begani, na huyu mama anavyomsifu mbele ya watu ilhali anajua. Alikuwa amemsitiri. Aliyenyang'anywa miguu alimfunika aliyemnyang'anya, akajiita mvivu ili mkwewe asiaibike. Brashi akalia, mwanaume mzima, hakuna cha kujificha. Alitamani atukanwe. Matusi angeyaweza.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningesemaje? Kwako ni kwako. Mgeni hachagui pa kukaa. Lakini baba, mimi pia nina kwangu. Nataka kwenda kwangu."

Hata "nisamehe" Brashi aliiona ndogo, akaisema hivyohivyo, na mama hakusema amesamehe wala hajasamehe. Jua la alasiri lilikuwa limeingia sebuleni mpaka kwenye miguu ya meza. Alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio iliyokuwa imelala sakafuni.

Ndipo kutoka ndani, polepole, mama akakohoa.

Brashi alikijua kikohozi kile. Kilikuwa kinaomba njia. Akainuka haraka, akaondoa kiti kilichogongwa, akarudi mlangoni na kuupa mgongo, ncha ya kitambaa ameinyoosha nyuma. Uso ulikuwa bado unamwaka kwa aibu, na alishukuru kwamba yule mama hauoni. Akatazama mbele, akasubiri mlango ufunguke.